Barua ya wazi: Kwenye meza ya bei, mteja naye apewe wakili

Kisauni,
MOMBASA.

KWA:
Mheshimiwa Waziri wa Nishati na Petroli,
Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Nishati, Bunge la Taifa,
NAIROBI.

Waheshimiwa,

MINT: KUTEULIWA KWA MTETEZI WA UMMA MBELE YA WADHIBITI WA HUDUMA

Kwa heshima na taadhima nawasalimu.

Mimi ni muuza samaki. Nina friza mbili na mizani moja, na ni katibu wa kikundi chetu cha wapangaji na wafanyabiashara wadogo hapa Kisauni. Kazi ya katibu ni kuandika, na nimeandika. Barua ya kwanza niliipeleka kwa mkono ikapigwa muhuri. Ya pili niliituma kwa barua pepe, nikajibiwa na mashine kwamba imepokelewa. Ya tatu niliifuata mwenyewe hadi dirishani, nikaambiwa aliyekabidhiwa faili yuko likizo. Ofisi hizo sizitaji, kwa sababu sikuja hapa kumshtaki karani. Barua zote tatu zilikuwa na swali moja: siku mdhibiti wa serikali anayeidhinisha bei za stima au maji anapokaa kusikiliza maombi ya kupandisha bei, ni nani anayemwakilisha mlipaji?

Swali hili nililitoa kwenye kikao kimoja cha maoni ya umma nilichowahi kuhudhuria. Kilikuwa cha maji au cha stima, haidhuru. Mbele palikuwa na meza ndefu. Upande mmoja walikaa wakuu wa kampuni, mhasibu wao, mwanauchumi wao na mawakili wawili wenye mafaili yaliyobandikwa vikaratasi vya rangi. Upande wa pili walikaa maofisa wa mdhibiti, nao na wakili wao. Sisi tulikuwa kwenye viti vya plastiki. Waraka wa maombi ulikuwa na kurasa mia na ushei, wote kwa Kiingereza, na ukumbi mzima tuligawana nakala tatu. Mama mmoja alisimama akasema maisha yamekuwa magumu. Mzee mmoja akasema bei isipande. Mimi nikasema yaleyale, ila kwa maneno marefu zaidi, maana ukatibu una maringo yake. Kila mtu alipewa dakika tatu, kisha akaambiwa asante, maoni yako yamenakiliwa.

Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza swali la kumlazimisha yule mhasibu afungue faili. Hatukuwa wajinga. Hatukujua ni faili gani la kufunguliwa.

Nilipofika nyumbani nikapiga hesabu. Mawakili wa kampuni wanalipwa kutokana na mapato ya kampuni, na mapato hayo ni bili yangu. Mdhibiti naye ana tozo yake anayokatiwa kwa huduma ninayotumia. Meza ile yote nimeilipia mimi na yule mama na yule mzee. Kiti kimoja tu hakikulipiwa, nacho ni chetu.

Waheshimiwa, malalamiko yetu ni haya.

1. Bei hupangwa kwa hesabu, na hesabu haijibiwi kwa kilio.

Chukueni mfano wa bei zilizoanza Aprili 2023. Kabla ya hapo, mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo alihesabiwa hadi uniti 100 kwa mwezi. Mdhibiti, yaani Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli (EPRA), akaishusha mipaka hiyo hadi uniti 30. Bei ya msingi ya asiyezidi 30 ikawa shilingi 12.22 kwa uniti, na ya aliye kati ya 31 na 100 ikawa shilingi 16.30.

Sasa fuateni hesabu ya jirani yangu mwenye taa nne, runinga na pasi ya sare za shule. Akiwa kwenye uniti 30 alilipa bei ya msingi ya shilingi 366.60. Wastani wake ukipanda hadi uniti 31, haongezewi bei ya uniti ile moja iliyozidi. Anahamishwa kundi, na uniti zote 31 zinahesabiwa kwa 16.30, jumla shilingi 505.30. Uniti moja imemgharimu shilingi 138.70, kabla hata ya zile ada nyingine na VAT. Hiyo ni pakiti ya unga.

Nikawauliza wenzangu: kodi ya mshahara, ile PAYE, hukatwaje? Kila ngazi ya mshahara ina asilimia yake, na ukipanda ngazi, asilimia ya ile ya chini haibadiliki. Mbona stima isihesabiwe vivyo hivyo, uniti 30 za kwanza kwa bei ndogo na zinazozidi kwa bei kubwa? Labda kuna jibu zuri. Labda kampuni ingepoteza mapato kiasi fulani na pengo hilo lingezibwa kwingine. Mimi sijui, na sababu ya kutojua ni kwamba hakuna aliyekuwa na kazi ya kuuliza kwa niaba yangu, akiwa na haki ya kupewa takwimu na muda wa kuzisoma kabla ya uamuzi kutolewa. Nimeligundua jambo hili kwa kikokotoo cha simu, bei mpya zikiwa tayari zinatumika.

2. Sehemu kubwa ya bili haifiki kikaoni kabisa.

Bei ya msingi ndiyo inayoitiwa umma. Juu yake kuna ada ya mafuta yanayochomwa kuzalisha stima, marekebisho ya thamani ya fedha za kigeni, marekebisho ya mfumuko wa bei na tozo nyinginezo. Baadhi ya hizi hubadilika mwezi hadi mwezi na kutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Ndiyo maana mtu hununua tokeni za shilingi 500 leo, na mwezi ujao kwa pesa zilezile akapata uniti pungufu, akadhani mita yake imerogwa.

Shilingi ilipoteleza hadi karibu 160 kwa dola Januari 2024, sisi ndio tulioubeba mteremko huo, kwa sababu mikataba mingi ya kununua stima imeandikwa kwa fedha za kigeni. Ni nani aliyekubali kwamba hatari hiyo yote iwe ya mteja na si ya mwenye mtambo? Imo kwenye mikataba. Na mikataba hiyo, Waheshimiwa, ililazimu Serikali yenyewe mwaka 2021 iunde jopokazi maalumu chini ya John Ngumi ili isomwe na kupimwa, ilhali wateja walikuwa wameilipia kwa miaka mingi. Mingine ina ada ya kuwa tayari tu: mtambo ukizalisha au ukilala, mwenyewe analipwa. Angekuwapo mtu wetu mezani wakati mikataba hiyo inapelekwa kwa mdhibiti kuidhinishwa, asingeyashinda yote. Lakini angeyasema, na yangeandikwa kwenye kumbukumbu kwamba yalisemwa.

Petroli ni hivyohivyo. Tarehe 14 ya kila mwezi tunatangaziwa bei kama matokeo ya bahati nasibu, na kanuni inayotumika wanaifahamu watu wachache.

3. Stima inayopotea njiani.

Zaidi ya asilimia 20 ya stima inayonunuliwa hapa nchini haimfikii mteja anayelipa. Nyingine hupotea kwenye nyaya chakavu, nyingine huibwa. Mdhibiti huweka kiwango cha upotevu kinachoruhusiwa kuingizwa kwenye bei, na kinachozidi hapo hubaki mzigo wa kampuni. Kiwango hicho ni tarakimu moja kwenye ukurasa mmoja, na kila asilimia yake ni mabilioni ya shilingi. Kampuni ina watu wa kuitetea tarakimu iwe kubwa. Wa kuitetea iwe ndogo ni nani?

4. Tumetegemea bahati, mtu mmoja mmoja, na msimu wa kura.

Januari 2018 wakili Apollo Mboya alikwenda Mahakama Kuu kupinga bili za nyuma, zile za kumtoza mteja leo kwa stima aliyotumia miezi iliyopita. Alikwenda kwa hiari yake. Asingekwenda, nani angekwenda?

Kisha tarehe 12 Disemba 2021, sikukuu ya Jamhuri, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alitangaza kwamba bei ya stima ingeshuka kwa asilimia 30 kwa awamu mbili. Asilimia 15 za kwanza zilikuja Januari 2022. Sisi wa friza tulishangilia, siwezi kusema uongo. Za pili hazikuja, uchaguzi ukapita, na Aprili 2023 tukawa kwenye bei mpya niliyokwisha kuieleza. Bei iliyoshushwa jukwaani haina mwenyewe wa kuilinda kikaoni.

5. Maji.

Nitasema machache, ingawa hapa Mombasa maji ni habari ya vitabu. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema maji safi ya kutosha ni haki. Bei yake nayo hupita kwa mdhibiti, chini ya Sheria ya Maji ya 2016, kwa mtindo uleule wa dakika tatu. Mtetezi tunayemwomba asiwe wa stima peke yake.

Najua majibu yatakayokuja, kwa kuwa baadhi yake nimeshayapata dirishani.

Jibu la kwanza ni kwamba mdhibiti mwenyewe ndiye mlinzi wa mteja. Kwa heshima, sivyo. Mdhibiti ametakiwa na sheria apime pande mbili, mteja asinyonywe na mwekezaji apate faida ya haki. Huyo ni refa. Refa mwema ni neema, lakini hata awe mwema vipi havai jezi ya timu moja, na hatutaki avae. Sisemi kwamba kesi ya nyani imepelekwa kwa ngedere. Nasema tu kwamba nyani amekuja na wakili, na mwenye shamba hana.

Jibu la pili ni ushiriki wa umma, ambao Kifungu cha 10 kimeuweka kati ya tunu za taifa. Nimekwisha eleza ulivyo ukiuona kutoka kiti cha plastiki.

La tatu ni kwamba kuna Kamati ya Ushauri ya Kuwalinda Wateja, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012, kuna Tume ya Haki ya Utawala, na kuna mashirika ya kiraia. Kamati ile kazi yake ni kumshauri Waziri wa Biashara kuhusu mambo ya wateja wa kila namna, kuanzia mizani bovu hadi dawa iliyopitwa na wakati. Tume ya Haki ya Utawala hupokea lalamiko la mtu aliyekwisha kudhulumiwa. Mashirika husaidia pale yanapopata mfadhili. Hakuna hata mmoja kati yao mwenye kazi mahususi ya kukaa kwenye kila maombi ya bei kuanzia siku ya kwanza, kudai nyaraka, kumhoji shahidi wa kampuni, na kukata rufaa mbele ya Jopo la Nishati na Petroli.

La nne ni wawekezaji kuogopa. Hapa naomba mnisikilize kama mfanyabiashara, hata kama biashara yangu ni changu na kibua. Mwekezaji haogopi swali. Anaogopa kutojua kesho atatangaziwa nini jukwaani. Bei iliyohojiwa ikahimili maswali ina nguvu kuliko iliyopita kimya kisha ikashushwa kwa hotuba.

Na la tano, pesa hakuna. Zipo, tunazikatwa kila tunaponunua tokeni. Nitalirudia hili kwenye maombi.

Jambo hili wala si geni. Tukivuka mpaka wa Horohoro tu, ndugu zetu wa Tanzania wana Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, lililoundwa kwa sheria ileile iliyounda mdhibiti wao, EWURA. Mdhibiti anapoitisha kikao cha bei, ambacho wao hukiita taftishi, baraza hilo husimama kwa jina la watumiaji. Si mwarobaini, nakubali. Mwishoni mwa 2016 TANESCO, shirika lao la umeme, iliomba nyongeza ya asilimia 18.19, EWURA ikaidhinisha kama asilimia 8.5, na kabla haijaanza kutumika Waziri akaisimamisha. Siasa inajua njia ya kila nyumba. Hata hivyo, mtumiaji wa Tanga ana kiti ambacho mimi wa Kisauni sina, na kati yetu kuna saa chache za barabara.

Marekani jambo hili ni la zamani zaidi. Katika jimbo la California Mtetezi wa Umma yumo ndani ya tume ya huduma yenyewe, lakini mkuu wake huteuliwa na gavana na kuthibitishwa na Seneti ya jimbo, ili asiwe mtumishi wa wale anaowahoji. New Jersey ndiko kwenye funzo chungu. Walianzisha idara kamili ya Mtetezi wa Umma mwaka 1974, wakaivunja 1994, wakairudisha 2005, wakaivunja tena 2010. Mtetezi anayefanya kazi vizuri hujipatia maadui wenye nafasi, na kilichoundwa bila kuta hubomolewa bila jasho. Kilichobaki wima kule ni kitengo cha kuwatetea wateja katika mashauri ya bei. Basi nasi tuanze na hicho.

Kifungu cha 46 cha Katiba yetu kinampa mteja haki ya kupata taarifa anazohitaji ili afaidi huduma, na haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi. Kwa msingi huo, tunaomba yafuatayo:

(a) Sheria ya Nishati ya 2019 na Sheria ya Maji ya 2016 zirekebishwe ili kuwe na ofisi ya Mtetezi wa Umma, yenye kazi moja: kumwakilisha mteja wa nyumbani na mfanyabiashara mdogo mbele ya wadhibiti. Viwanda vikubwa vina chama chao na mawakili wao. Visije vikajibanza humu.

(b) Mtetezi apatikane kwa nafasi kutangazwa, asailiwe hadharani, athibitishwe na Bunge, na akae muhula mmoja wa miaka 6 usiorudiwa. Asiwe ametumikia kampuni ya huduma wala mdhibiti katika miaka 5 iliyotangulia, na asiajiriwe nao kwa miaka mingine 5 baada ya kutoka. Msimtafute mwanasiasa aliyeshindwa uchaguzi. Hili nimeliandika kwa herufi za kawaida, lakini lisomeni kama limepigiwa mstari.

(c) Awe na mamlaka ya kudai nyaraka, ikiwemo mikataba ya kununua stima, kuwahoji mashahidi, kuleta wataalamu wake, na kukata rufaa bila wateja kutozwa gharama za kesi akishindwa.

(d) Fedha zake zitoke kwenye sehemu maalumu ya tozo ambazo wadhibiti wanakusanya sasa hivi. Isiongezwe hata senti. Na zimfikie moja kwa moja kupitia Bunge, zisipite mkononi mwa mdhibiti, maana anayekushikia pochi hukushikia na ulimi.

(e) Zile ada zinazobadilika kila mwezi zikaguliwe naye kila robo mwaka, na ripoti itolewe kwa Kiswahili, lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi kwa Kifungu cha 7. Muhtasari wa kila maombi ya bei nao utoke kwa Kiswahili siku 30 kabla ya kikao, ubandikwe sokoni na kwa chifu. Tangazo la gazetini nalijua. Huwa nafungia samaki.

(f) Kwa kuwa sheria huchukua muda, na bei za msingi hupangwa kwa vipindi vya miaka kadhaa (kile kilichoanza Aprili 2023 kilipangiwa kufika mwisho wa mwaka wa fedha wa 2025/26), tunaomba pasipitishwe kipindi kingine cha bei bila wateja kupewa angalau wakili mmoja na mwanauchumi mmoja wa muda, wenye nakala ya kila waraka ambao mdhibiti anao.

Mheshimiwa Waziri, hili la mwisho halihitaji kusubiri Bunge, linahitaji barua yako tu. Mheshimiwa Mwenyekiti, hayo mengine yanahitaji mswada, na mswada unaweza kuanzia kwenye kamati yako.

Tunaomba jibu la maandishi. Likiwa la kukataa, tunaomba liwe na sababu, ili tujue la kujibu. Wakati tunasubiri, daftari la sahihi liko kibandani kwangu, kando ya mizani, na kurasa nne zimejaa. Likikamilika tutalipeleka kwa Karani wa Bunge la Taifa kama ombi rasmi chini ya Kifungu cha 119. Safari hii nitasubiri palepale dirishani mpaka lipigwe muhuri.

Wenu mtiifu,

Katibu,
kwa niaba ya wapangaji na wafanyabiashara wadogo,
Kisauni.

NAKALA:
Mkurugenzi Mkuu, EPRA
Tume ya Haki ya Utawala
Mbunge wetu
Ubao wa matangazo, sokoni